Windows mpya haimalizi kujisasisha na bando linaisha: nikubali masasisho yazimwe?

Mpendwa Mshauri,

Nina meza ya kuchapa na kutoa nakala katika soko la Luanda, Vihiga, kando ya barabara kuu ya Kisumu kwenda Busia. Wateja wangu ni watu wa kawaida. Huyu anataka ritani za kodi za KRA, yule cheti cha kuzaliwa au cha maadili mema kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mwingine bima ya afya ya SHA, na vijana waliomaliza kidato cha nne huja kwa mambo ya KUCCPS (nafasi za vyuo) na HELB (mikopo ya masomo). Kazi yote naifanya kwa laptopu moja, HP EliteBook 840 G3, niliyoinunua ikiwa imetumika, kati ya zile zinazoletwa kutoka Uingereza. Ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na diski ya GB 500, ile ya zamani inayozunguka ndani.

Mwezi uliopita ilizidi kuwa nzito, hata kufungua barua ya kurasa mbili ikawa shughuli. Mpwa wangu anayesoma Kisumu akaja Jumapili na flashi yake akaweka Windows 10 upya. Hakunilipisha hata senti. Faili zangu za barua za wateja zilipotea, lakini nilikuwa nimeshakubali hasara hiyo, na siku za mwanzo mashine ilikuwa nyepesi hadi nikamwombea baraka. Halafu shida ikaanza.

Kwanza ni bando. Intaneti naipata kwa simu. Nanunua bando asubuhi, kabla sijamhudumia mteja wa pili naletewa ujumbe kwamba limekwisha, na mimi sijatazama video wala kitu chochote. Pili, mashine inajizima na kujiwasha itakavyo. Kuna mzee alikuwa amekaa mbele yangu, tumefika sehemu ya mwisho ya ombi lake, skrini ikageuka ikaandika kwamba inashughulikia masasisho, asilimia 27, tusizime. Tulingoja, 27 ikabaki 27. Mzee wa watu akaniambia, "Mama, nitarudi," akaenda saiba ya pale mbele. Hakurudi.

Tatu, stima ikipotea na betri ya laptopu ikaisha, nikiiwasha tena tarehe inakuwa ya mwaka 2016. Hapo eCitizen haifunguki, naambiwa muunganisho si salama, na hayo masasisho yenyewe yanagoma na kuleta namba 0x80072F8F.

Fundi wa simu wa kibanda cha pili aliitazama akasema, "Mama, hayo masasisho ni ya watu wa ofisi kubwa. Nipe mia tano niyazime kabisa, hutayaona tena." Nilimpigia mpwa wangu, akaniambia nisithubutu, lakini yuko kwenye mitihani na hawezi kuja. Huyu ni damu yangu, yule ni jirani anayenilindia meza nikienda msalani. Sitaki mmoja aone nimemdharau. Na juu ya hayo, mwalimu mmoja ambaye ni mteja wangu ameniambia Windows 10 ilikwisha mwaka 2025, kwa hivyo nahangaika bure, ninunue mashine mpya. Pesa hiyo sina, muhula unafunguliwa na karo inanitazama.

Nizime, niache, au niiuze?

Mama wa Meza ya Kuchapa, Luanda

Jibu

Mama, pole kwa mzee aliyekuondokea. Pole pia kwa bando, kwa sababu pesa hiyo ilitoka mfukoni mwako na hukuona kazi iliyofanya.

Usiyazime. Usiiuze pia. Kuweka Windows upya ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kuifikisha mashine mahali inapopaswa kuwa leo. Mpwa wako alifanya ile ya kwanza vizuri akaenda shuleni. Ile ya pili mashine inajaribu kuifanya yenyewe, saa za wateja, kwa bando ulilonunua kwa kazi nyingine. Tukiichukua nusu hiyo tukaifanya kwa mpango wetu, itatulia, na baada ya hapo itakuwa ikikuomba muda kidogo mara moja kwa mwezi tu.

Anza kwa kuangalia ulipo. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha Enter. Kidirisha kitakachofunguka kina mstari wenye neno "Version". Toleo la mwisho la Windows 10 ni 22H2, nalo huandikwa pamoja na namba 19045. Nadhani utakuta kitu cha nyuma zaidi, labda 1909, yaani toleo la Novemba 2019. Flashi za mafundi hukaa miaka bila kubadilishwa: mtu alipakua Windows mara moja akaiweka flashini, na tangu hapo kila mashine anayoihudumia inaanza maisha mwaka huo wa kale. Kutoka 1909 kufika 22H2 ni mzigo wa GB kadhaa, na ndio uliokuwa ukila bando lako. Ukikuta 2004, 20H2, 21H1 au 21H2, una bahati, kwa kuwa matoleo hayo na 22H2 yana msingi mmoja na hatua ya kuvuka ni ndogo.

Jambo la kukutuliza ni kwamba hutalazimika kupakua mwezi baada ya mwezi kwa miaka yote hiyo. Masasisho ya usalama ya Windows 10 hukusanywa, la mwezi huu likibeba yaliyotangulia. Ukishafika 22H2, sasisho moja kubwa linafuta deni lote.

Kabla ya yote, tarehe. Hapo ndipo namba yako ya 0x80072F8F inapotoka. Tovuti salama kama eCitizen hujitambulisha kwa cheti cha usalama chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Mashine inayoamini tuko 2016 ikikitazama cheti hicho inaona hakijaanza kutumika, basi inakataa. Seva za masasisho nazo hukaguliwa vivyo hivyo, ndiyo maana vyote viwili vinagoma siku moja. Na usitegemee kwamba ukipata mtandao saa itajirekebisha: kwa kawaida huduma ya saa ya Windows haisahihishi yenyewe pengo linalozidi saa 15, na wewe una pengo la miaka. Fungua "Settings", kisha "Time & Language", uandike tarehe kwa mkono. Ukiwa hapo hapo, hakikisha ukanda wa saa ni wa Nairobi, UTC+03:00. Windows mpya mara nyingi huja na ukanda wa Marekani, na watu husogeza saa tu bila kugusa ukanda.

Hiyo ni dawa ya siku moja. Kinachosababisha ni betri ndogo ya duara iliyo ndani, kwenye ubao mama, ambayo kazi yake ni kutunza saa wakati mashine haina umeme wowote. Laptopu za aina yako zilianza kuuzwa karibu 2016, na huenda betri hiyo haijawahi kubadilishwa. Inapochoka, kila stima ikipotea na betri kubwa ikaisha, tarehe inarudi nyuma. Sasa hapa mwite yule jirani yako. Anayefungua simu kila siku anaweza kufungua laptopu. Mwambie aifungue kwanza aone aina iliyomo kabla ya kununua, maana kwenye laptopu nyingi betri hiyo huwa na waya mfupi na plagi yake, si ile ya kuchomeka tu. Mia tano aliyokuwa aipate kwa kukuharibia mashine, aipate kwa kukutengenezea. Hutakuwa umemdharau, umempa kazi.

Sasa bando. Unapotumia simu yako, fungua "Settings", "Network & Internet", "Wi-Fi", bonyeza jina la simu, kisha uwashe "Set as metered connection". Windows ikijua kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, huacha kupakua masasisho mengi hadi utakapoiruhusu. Fanya hivyo leo, hata kabla hujamaliza kusoma barua hii, na utaona bando linafika jioni. Halafu ingia "Update & Security", "Delivery Optimization", ukikuta imeruhusiwa kubadilishana masasisho na kompyuta nyingine, izime. Hilo ni zuri kwa ofisi yenye faiba, lakini kwa mtu wa bando ni kugawa alichonunua.

Mzigo mkubwa wenyewe usiupakue Luanda kwa simu. Mpwa wako hawezi kuja, lakini flashi inaweza. Pale chuoni kama wana waifai nzuri, atafute ukurasa wa Microsoft wa kupakua Windows 10 na programu yake iitwayo Media Creation Tool, atengeneze flashi ya GB 8 au zaidi. Itakuwa na 22H2, si toleo la kale. Katika flashi hiyo hiyo aongeze faili moja kutoka tovuti ya Microsoft Update Catalog: sasisho la tarehe 14 Oktoba 2025, namba yake KB5066791, lile la x64 kwa Windows 10 Version 22H2. Aiweke katika bahasha, ampe mtu wa matatu pale steji ya Kisumu, nawe uipokee Luanda mchana huo huo. Mtumie nauli ya bahasha na ya chai.

Ukiipata, usiiwashie mashine kwa flashi kama alivyofanya mara ya kwanza. Iwashe Windows yako kama kawaida, ndipo uchomeke flashi, uifungue, ubonyeze setup. Itakuuliza unataka kubaki na nini. Chagua kubaki na faili na programu zako. Njia hii inapandisha toleo bila kufuta kitu, tofauti na kuanza upya. Ikimaliza, fungua lile faili la pili liingie, uiwashe upya.

Lakini kabla ya setup, angalia kitu kimoja ambacho mafundi wengi husahau kuwaambia watu. Fungua diski C: utafute folda inayoitwa Windows.old. Kama mpwa wako aliweka Windows bila kuifomati diski, faili zako za zamani ziko humo, ndani ya "Users", chini ya jina ulilokuwa ukitumia. Zinakili kwenye flashi nyingine mara moja, kwa sababu folda hiyo husafishwa baadaye na kupandisha toleo kunaweza kuiondoa. Ukikosa, basi. Ukiipata, barua zako za wateja zimerudi.

Nizungumzie ile asilimia 27, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huharibu mashine kwa mikono yao. Diski inayozunguka ni polepole, na RAM ya GB 4 inailazimisha kufanya kazi maradufu. Wakati wa masasisho, Windows huandika na kusoma maelfu ya faili ndogondogo, na namba ya skrini haisogei sawasawa. Inaweza kukaa 27 muda mrefu, kisha ikaruka hadi 60. Tazama kitaa kidogo cha diski kwenye laptopu. Kama kinapepesa, kazi inaendelea, iache. Ukishikilia kitufe cha kuzima wakati huo unaweza kuamkia Windows isiyowaka kabisa. Ikiwa imelala hivyo usiku mzima na kitaa kimetulia, hapo ndipo unaweza kuizima kwa kitufe, nayo ikiwaka mara nyingi hurudisha mambo yalivyokuwa kabla ya kuanza.

Kwa hiyo chagua muda. Huko kwenu wingu hujikusanya alasiri, na kuanzia saa 9 au saa 10 radi inaanza, na stima nayo haina ahadi. Usianzishe kazi hii mchana wa mvua. Anza jioni ukishafunga meza na anga ikiwa safi, au alfajiri ya siku usiyo na wateja, betri ikiwa imejaa na chaja ikiwa imechomekwa. Betri ya laptopu ikiwa haikai hata nusu saa, azima mahali penye jenereta au sola ya kutegemewa. Ukiona sasisho linaloitwa BIOS au "firmware", yaani la programu ya ndani inayoiwasha mashine, hilo liache kabisa mpaka uwe na betri nzima: stima ikikatika katikati yake, mashine inaweza isiwake tena.

Ukishavuka, peleka mashine siku moja mahali penye faiba, Maseno au Kisumu, zima ile alama ya mtandao wa kulipiwa kwa waifai hiyo, ubonyeze "Check for updates". Iwashe upya ikikuomba, ubonyeze tena. Rudia hadi iseme haina kitu kipya. Mara nyingi draiva, yaani programu za kuendesha printa, sauti na skrini, huingia hapo, nyingine utazikuta chini ya "View optional updates". Kisha weka "Active hours" kuanzia unapofungua meza hadi unapofunga. Zinaweza kufika saa 18 kwa siku, na ndani yake Windows haitajiwasha upya yenyewe mbele ya mteja.

Kama kupakua kunakwama na kurudia hitilafu ile ile ingawa tarehe ni sahihi, tatizo huwa vipande vilivyopakuliwa nusu pale bando lilipokatika. Tafuta "Command Prompt", uifungue kama msimamizi, andika net stop wuauserv, Enter, kisha net stop bits, Enter. Nenda C:\Windows\SoftwareDistribution\Download, ufute vilivyomo ndani, si folda yenyewe. Rudi uandike net start bits, kisha net start wuauserv. Itaanza kupakua upya, safi.

Sasa nikuambie kwa nini nimekataa lile la kuzima, maana hukuniuliza kwa mchezo. Watu wanakuachia kitambulisho, PIN ya KRA na nenosiri la eCitizen, na wengi wakitoka hapo hawajui hata namna ya kulibadilisha. Mashine yako imebeba siri za nusu ya soko. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja ndani ya Windows. Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei, kirusi cha WannaCry kilipita katika tundu hilo hilo, kikafunga faili za kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Hospitali za umma za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ilikuwa imeshatolewa, ila mashine zile hazikuwa zimeipokea. Na hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, haisemi ni wa ofisi kubwa tu. Nikiwa hapo, naomba pia usiruhusu kivinjari kihifadhi nenosiri la mteja hata mmoja. Fungua dirisha la faragha kwa kila anayekuja.

Muulize mpwa wako bila ukali kama Windows aliyoiweka ni ile halisi au ni iliyopunguzwa na watu wa mitandaoni. Zipo zinazosifiwa kwa wepesi ambazo zimeng'olewa kinga na huduma za masasisho, na hizo hazirekebishiki kwa kubembeleza. Hana sababu ya kutumia hizo, wala programu za kudanganya leseni. Mashine nyingi za aina yako ziliuzwa na leseni ya Windows 10 Pro iliyohifadhiwa ndani ya mashine yenyewe. Ukiweka Windows 10 Pro halisi na kupata mtandao, inajitambua. Hakikisha kwenye "Update & Security", "Activation".

Mwalimu wako hakukosea kabisa. Msaada wa Windows 10 ulifikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini masasisho yote ya kabla ya siku hiyo bado yanapatikana, na Microsoft imeweka mpango wa nyongeza ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unaingia kwa akaunti ya Microsoft: bure ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwao, au kwa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kwa dola 30. Kiungo cha kujiunga hutokea kwenye ukurasa wa Windows Update, na hakitokei kwa mashine ambayo haijafika 22H2 na kusasishwa. Hiyo ni sababu nyingine ya kumaliza kazi hii mapema.

Windows 11 kwa laptopu hii, usihangaike. Kichakataji chake, yaani prosesa, ni cha kizazi cha 6, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Mafundi wana njia ya kuilazimisha iingie, lakini Microsoft yenyewe inasema mashine kama hiyo haina uhakika wa kupata masasisho, na ndiyo shida tunayoikimbia. Muda wa nyongeza ukiisha, njia iliyo wazi ni Linux Mint, mfumo mwingine wa kutumia badala ya Windows, ambao ni wa bure na toleo lake la Xfce halilemei mashine yenye GB 4. Unaweza kuijaribu ikiwa kwenye flashi bila kugusa Windows. Jaribu nayo kwanza printa yako na fomu za KRA zenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili), usije ukagundua hazifunguki wiki ya mwisho ya Juni, ritani zikiwa zinafungwa.

Ukipata pesa kidogo kabla ya hapo, usinunue mashine. Nunua SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ya GB 240 au 256, kisha RAM ifike GB 8. 840 G3 ina nafasi ya SSD ndogo ya M.2 mbali na ile ya diski ya kawaida, kwa hiyo ile ya GB 500 inaweza kubaki ya kuhifadhia faili. Mabadiliko utakayoyaona ni makubwa kuliko ya toleo lolote la Windows. Na ikiwa unaona pesa hiyo utaipata ndani ya wiki chache, basi ingoje: weka SSD kwanza, mpwa wako aweke 22H2 juu yake kwa flashi ile ile, na masasisho yafanyike hapo. Hakuna haja ya kutoa jasho kusasisha diski unayotaka kuistaafisha. Ukifika kununua laptopu nyingine siku moja, soma kibandiko cha kichakataji kabla ya bei: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8. Muuzaji akikosa kukuonyesha namba hiyo, nenda duka linalofuata.

Mpigie mpwa wako jioni, akiwa ametoka kwenye mtihani, umsomee ile paragrafu ya flashi. Ikitokea namba nyingine ya hitilafu, iandike yote, herufi na tarakimu, pamoja na kile winver inachosema, unitumie nikujibu kwa hiyo namba.